Kobe kwenye kipindi cha Hisabati: walimu wanavyoandaa usimbaji pamoja na kuwaondolea watoto hofu ya namba

Mwongozo huu ni wa walimu wa Hisabati wa Darasa la III hadi la V wanaokutana katika Jumuiya ya Kujifunza (JzK) ya shule yao chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini nchini Tanzania. Hata walimu wawili tu walioamua kushirikiana wanaweza kuutumia. Kompyuta si sharti. Masomo mawili ya kwanza yanataka chaki, vizibo vya soda na makaratasi. La tatu linatumia kompyuta moja kama ipo, na kama haipo, rula na kipimapembe vinatosha.

Usimbaji, kwa maana tunayoihitaji hapa, ni kupanga maagizo kwa mfuatano ulio wazi kiasi kwamba mtekelezaji asiyejua kukisia anaweza kuyafuata hadi mwisho. Hauongezi somo jipya kwenye ratiba iliyokwisha kujaa. Unaingia ndani ya mada zilezile za kuzidisha, mzingo, eneo na pembe. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilifanya hivyo mwaka 2020: liliweka usimbaji ndani ya mtaala wa Hisabati kuanzia darasa la kwanza badala ya kuuachia somo la kompyuta.

Mtekelezaji wetu tutamwita kobe, na jina hilo lina asili yake. Mwaka 1967, huko Marekani, Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, alishirikiana na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon kubuni Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Baadaye Logo ikapata kobe: roboti dogo lililotembea sakafuni huku likichora mstari. Papert alishikilia kwamba mtoto akikwama, ajifanye kobe atembee mwenyewe. Miguu yake itamwambia kilichokosewa kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Ndiyo maana tunauona usimbaji kama dawa ya hofu ya Hisabati, si mapambo ya kisasa. Kwenye daftari, jibu lisilo sahihi linapigwa alama ya kosa na mambo yanaishia hapo. Mtoto hajui alipotea hatua ya ngapi. Anachojua ni kwamba amekosa, tena mbele ya wenzake. Kobe wetu huongozwa kwa kadi zilizopangwa, kila moja na agizo lake; akipotea, darasa zima linaona ni kadi ya ngapi iliyompoteza. Kadi inatolewa, inawekwa nyingine, safari inaanza upya. Kosa linabaki kuwa la kadi.

Lakini jambo hili halifanyiki vizuri na mwalimu mmoja peke yake. Anayefundisha anashughulika na darasa zima, hawezi kusikia watoto sita wa kundi la nyuma wanabishana nini. Huo ubishi ndio wenye Hisabati.

Hatua ya 1: Undeni kundi na mpate muda

Walimu watatu hadi sita wanatosha. Mkizidi sita, wawili au watatu watakaa kimya mwanzo mpaka mwisho. Chagueni mratibu, mtunza muda na mwandishi, na kazi hizo zizunguke kila kikao ili mtu mmoja asigeuke mkaguzi wa wenzake.

Pangeni mzunguko wa wiki sita. Wiki ya kwanza kuna kikao cha dakika 60 na upimaji wa mwanzo wa mtazamo wa watoto. Wiki ya pili somo la kwanza linafundishwa mkondo A. Wiki ya tatu linarudiwa mkondo B likiwa limerekebishwa. Wiki ya nne na ya tano ni za somo la pili kwa mtindo huohuo. Wiki ya sita ni ya somo la tatu na upimaji wa mwisho. Kila baada ya somo, kaeni dakika 20 siku hiyohiyo. Mkisubiri Ijumaa, mtakachokumbuka ni kwamba "watoto walifurahi", na hilo halisaidii kurekebisha chochote.

Kikwazo kikubwa ni hiki: nani atakaa na darasa la mwalimu anayekwenda kutazama? Zungumzeni na mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma, kabla ratiba ya muhula haijafungwa. Njia inayofanya kazi ni kuweka kipindi cha mzunguko mahali ambapo angalau walimu wawili hawana kipindi, kwa kawaida karibu na mapumziko. Watazamaji wawili wanatosha. Shule ikiwa ndogo, yenye walimu sita kwa madarasa yote, unganeni na shule jirani kupitia Afisa Elimu Kata, na mkutane kwenye kituo cha walimu kama kipo karibu.

Hatua ya 2: Fanyeni zoezi ninyi wenyewe kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ikirukwa mengine yote yanayumba. Kikao cha kwanza kisianze na karatasi za maelezo. Kianze na walimu wamesimama uwanjani, mmoja akiwa kobe na wawili wakimwongoza.

Wapo walimu wa msingi wanaofundisha Hisabati kwa sababu ratiba imewapangia, na wanaiogopa. Si aibu, lakini watoto wananusa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliwafuatilia walimu wa kike wa darasa la kwanza na la pili. Kufikia mwisho wa mwaka, kadiri hofu ya mwalimu kwa Hisabati ilivyokuwa kubwa, ndivyo wasichana wake walivyoelekea kuamini kwamba Hisabati ni ya wavulana, na walioamini hivyo walipata matokeo ya chini. Kwa hiyo mwalimu apewe kwanza nafasi ya kukosea mbele ya wenzake pasipo hukumu. Atajua kwa nafsi yake mtoto anavyojisikia kobe anapopitiliza.

Zoezi la walimu ni hili: mwandikieni kobe maagizo ya kutembea mzingo wa mstatili wenye hatua 5 kwa 3, kwa kutumia kadi chache iwezekanavyo. Wengi huanza na kadi nane. Kisha mtu hugundua kwamba safari inajirudia:

Rudia mara 2:
– mbele 5
– geuka kulia
– mbele 3
– geuka kulia

Hapo ulizaneni: mzingo umeonekana wapi? Ni 2 × (5 + 3), kanuni ileile ya kitabuni, ila sasa imetembewa. Kisha ulizaneni swali zito zaidi: mtoto wetu atakosea wapi? Mwandishi aandike makosa matatu mnayoyategemea. Mtayalinganisha na yatakayotokea darasani.

Hatua ya 3: Vifaa

Kwa darasa la watoto 72, gaweni makundi 12 ya watoto sita. Kila kundi linahitaji kadi 16: sita za "mbele", tatu za "geuka kulia", tatu za "geuka kushoto", mbili za "rudia mara" na mbili tupu za akiba. Karatasi moja ya manila ikikatwa nne kwa nne inatoa kadi 16 kamili, hivyo manila 12 zinatosha darasa zima. Maboksi ya sabuni au ya biskuti hufanya kazi vilevile na hudumu zaidi.

Namba zisiandikwe kwenye kadi. Wekeni vizibo vya soda vyenye namba 1 hadi 8, kila namba vizibo viwili, na kizibo kimoja cha ziada chenye mshale ambacho ndicho kobe wa mezani. Hivyo ni vizibo 17 kwa kundi, 204 kwa darasa. Muuza soda yeyote atawakusanyia kwa wiki moja. Wino wa kalamu nene hufutika upesi juu ya bati. Kateni duara dogo la karatasi, andikeni namba, mlibandike ndani ya kizibo.

Kila kundi lipate pia kamba ya katani ya sentimita 60. Msiiache hata ikionekana haina kazi. Kamba hiyo huzungushiwa kadi zinazotakiwa kurudiwa. Bila kamba, mtoto anaona "rudia mara 2" na hajui inarudiwa kadi moja inayofuata au zote, na kundi litagombana kwa jambo ambalo si Hisabati.

Uwanjani choreni vitu viwili. Kwanza, mstari wa namba kuanzia 0 hadi 24 wenye nafasi ya sentimita 40 kati ya namba na namba; urefu wake ni mita 9.6. Pili, jedwali la miraba 6 kwa 6, kila mraba sentimita 40, hivyo upande mzima ni mita 2.4, na mistari ni saba kila upande. Fungeni mafundo kila sentimita 40 kwenye kamba ndefu, nayo iwe rula yenu. Kuhakikisha jedwali halijapinda, pimeni kutoka kona hadi kona: vipimo vyote viwili vilingane, karibu mita 3.4. Kwenye sakafu ya saruji tumieni chaki. Kwenye udongo, chimbeni mfereji mwembamba kwa ncha ya jembe. Majivu hupeperuka kabla kipindi hakijaisha.

Mezani hamhitaji kuchora. Daftari la hesabu lenye miraba ni jedwali tayari.

Hatua ya 4: Kubalianeni maneno

Mwalimu wa mkondo A akisema "nenda" na wa mkondo B akisema "songa", watoto watakaochanganywa muhula ujao watavurugika. Andikeni kwenye daftari la JzK maana moja ya kila kadi. "Mbele 1" ni kutoka alama moja hadi alama inayofuata. "Geuka kulia" ni kugeuka robo mzunguko palepale bila kusogea hata unyayo. "Rudia mara" inahusu kilichomo ndani ya kamba tu.

Kisha kubalianeni maneno ya kosa, maana hapa ndipo mtazamo wa mtoto unapojengwa au kubomolewa. Badala ya "umekosa", ulizeni "kobe amefika wapi?" na "kadi ya ngapi ilimpoteza?" Mtoto asiyekuwa na jibu bado, mwambieni "bado", kisha mhesabu moyoni moja hadi tano kabla ya kumgeukia mwingine. Sekunde hizo tano zinachosha mwanzoni, lakini msizipunguze.

Acheni kusema "hili ni rahisi sana". Mwalimu anadhani anatia moyo, kumbe mtoto aliyeshindwa jambo rahisi anajiona mjinga kuliko aliyeshindwa jambo gumu. Acheni pia "mimi mwenyewe hesabu zilinishinda", hata kwa kucheka. Na sifa ziende kwenye tendo: "umerudi kwenye kadi ya tatu ukaibadilisha" inamfundisha kitu, "una akili sana" inamfanya aogope zoezi linalofuata.

Fimbo isiingie kabisa kwenye vipindi hivi. Mtoto anayejua atachapwa kwa jibu lisilo sahihi hataweka kadi yoyote mezani. Atasubiri jirani yake aweke kwanza.

Kabla ya somo la kwanza: kura ya mbegu

Pimeni mtazamo mapema, la sivyo hamtakuwa na cha kulinganisha. Chukueni makopo matatu yenye vifuniko vilivyotobolewa, moja na uso unaocheka, moja na uso wa kawaida, moja na uso wenye huzuni. Wasichana wapewe punje ya hindi, wavulana punje ya haragwe. Swali ni moja: "Ukiitwa ubaoni kufanya hesabu, unajisikiaje?" Kila mtoto anadondosha punje yake kwenye kopo moja.

Makosa ni mawili. La kwanza, makopo kuwa wazi mbele ya darasa: watoto humfuata aliyetangulia. Yawekeni nyuma ya kanga iliyotundikwa, waingie mmoja mmoja na punje mkononi, ngumi imefungwa. La pili, mwalimu wa Hisabati kusimamia mwenyewe: watoto watamfurahisha. Asimamie mwenzake asiyefundisha darasa hilo. Hesabuni punje, muandike namba nne: wasichana na wavulana waliochagua huzuni, na wasichana na wavulana waliochagua kucheka.

Hatua ya 5: Somo la kwanza, kuzidisha kwa kurudia (dakika 40)

Dakika 5 za mwanzo mwalimu ndiye kobe. Watoto wanamwagiza kwa mdomo afike mlangoni, naye anatii neno kwa neno. Wakisema "mbele" bila namba, aendelee mpaka agonge ukuta. Watacheka, na watakuwa wameelewa kwa nini namba inahitajika.

Dakika 10 zinazofuata ni kwenye mstari wa namba. Mtoto mmoja asimame kwenye 0. Wekeni kadi: rudia mara 5, ndani ya kamba mbele 4. Kabla hajatembea, kila mtoto aandike anakotarajia kobe afike. Ubashiri huu ni wa lazima; bila huo watoto wanatazama tu mwenzao akitembea. Kobe afike 20. Kisha badilisheni vizibo: rudia mara 4, mbele 5. Wengi watashangaa anapofika palepale.

Dakika 15 ni za makundi. Kobe atoke 0 afike 24, kwa njia nyingi iwezekanavyo. Kwa vizibo vya 1 hadi 8 kuna rudia mara 3 mbele 8, mara 8 mbele 3, mara 4 mbele 6 na mara 6 mbele 4. Makundi mengine yataleta kitu kizuri zaidi: rudia mara 5 mbele 4, kisha nje ya kamba mbele 4 tena. Msiwakatize wakidhani wamepotea, maana hiyo ni 5 × 4 + 4, nayo ni sahihi.

Dakika 7 ni za kutazama maagizo mawili mbele ya wote, moja liwe lililompoteza kobe. Ombeni ruhusa kwa kundi husika kwanza. Dakika 3 za mwisho kila mtoto aandike daftarini sentensi mbili za hesabu alizozipata.

Sasa kosa kubwa la somo hili, mlitegemee. Kobe amesimama kwenye 5, kadi inasema mbele 3. Mtoto anakanyaga pale aliposimama na kusema "moja", anasogea "mbili", anasogea "tatu", anasimama kwenye 7. Amehesabu alama badala ya nafasi kati ya alama. Ni kosa lilelile linalomfanya aandike 5 + 3 = 7 kwa kutumia vidole, na lilelile litakalomsumbua baadaye kwenye maswali ya nguzo za uzio: uzio ulionyooka wa mita 12 wenye nguzo kila mita 3 una nguzo 5, si 4. Kwenye daftari mwalimu anaona 7 na kudhani mtoto hajui kujumlisha. Uwanjani anaona mguu ulipoanzia kuhesabu.

Dawa yake si kumwambia "hesabu vizuri". Mwambieni aseme namba wakati mguu unatua, si kabla. Mwenzake asimame pembeni apige kofi kila mguu unapotua. Baada ya mara tatu au nne, wengi hujirekebisha wenyewe.

Makosa mengine ni madogo. Anayeongoza akisimama kumkabili kobe, kulia na kushoto hugeuka. Asimame nyuma yake. Mtoto mwepesi hukamata kadi zote. Badilisheni majukumu kila raundi, wawili wapange, mmoja asome, mmoja awe kobe, wawili wakague. Kobe asiruhusiwe kusema. Akisema, ataanza kuyarekebisha maagizo kichwani na kosa halitaonekana.

Hatua ya 6: Kutazama na kujadili

Njia ya walimu kuandaa somo pamoja, kulitazama na kulirekebisha ilikua Japani, na imefika shule nyingi za Afrika. Moyo wake ni sheria moja: anatazamwa mtoto, si mwalimu.

Kila mtazamaji achague watoto wanne kabla ya kipindi, na angalau wawili wawe wale wasionyoosha mkono kamwe. Asimame karibu nao asiwasaidie. Aandike walichosema, kwa maneno yao, na dakika. Kisha ahesabu jambo moja: kobe alipopotea, mtoto huyu alijaribu tena au aliachia kadi? Hesabu hiyo ya jaribio la pili inaonyesha mtazamo kuliko tabasamu lolote.

Katika mjadala wa dakika 20, aliyefundisha aanze kusema, dakika 3. Watazamaji wafuate, na kila sentensi ianze na "nilimwona mtoto", isianze na "ulipaswa". Dakika 5 za mwisho ni za uamuzi: tubadilishe kitu gani kimoja kabla ya mkondo B? Kimoja tu. Mkibadilisha vitano, hamtajua kilichosaidia.

Mwalimu mkuu akija na jalada la ukaguzi mara ya kwanza, somo litageuka maigizo na watoto wataitwa wale wanaojua. Mkaribisheni kwenye kikao na mjadala. Darasani aje baada ya mzunguko wa kwanza. Na picha za watoto msizitume kwenye kundi la WhatsApp. Picha ya kadi zilizopangwa mezani inatosha.

Hatua ya 7: Somo la pili, mzingo na eneo

Hili hufanyika kwenye jedwali la miraba, na kobe hutembea juu ya mistari, kutoka makutano hadi makutano, si ndani ya miraba. Sisitizeni hilo. Akitembea ndani ya miraba, mstatili wa 5 kwa 3 utaleta hesabu tofauti na mzingo, na mtaanza kubishana na kitabu.

Anzeni na mraba wa upande 3: rudia mara 4, mbele 3, geuka kulia. Kobe amepiga hatua ngapi? 12. Amezungushia miraba mingapi? 9. Watoto waweke vizibo au majani ndani ya kila mraba ili wauone. Mzingo ni safari ya kobe. Eneo ni shamba alilolizungushia. Watoto wanaochanganya maneno haya mawili tangu mwaka jana huyatenganisha hapa.

Kazi ya makundi: tafuteni mistatili yote ambayo kobe anaizunguka kwa hatua 12. Ni 1 kwa 5, 2 kwa 4 na 3 kwa 3, na maeneo yake ni 5, 8 na 9. Safari ni ileile, shamba si lilelile. Wapeni muda wa kushangaa. Kundi litakalomaliza mapema litafute mstatili wa mzingo wa hatua 16 wenye eneo kubwa kuliko yote.

Kosa la somo hili ni kusahau kugeuka kwa mwisho. Kobe anafika alipoanza, lakini anatazama upande mwingine. Ulizeni: "Akitakiwa kuzunguka tena kwa maagizo haya haya, atapita njia ileile?" Hapo kadi ya mwisho inarudi yenyewe.

Hatua ya 8: Somo la tatu, pembe

Scratch ni programu ya bure ya usimbaji kwenye kompyuta, inayofanya kazi hata bila intaneti ikishapakuliwa, na ina lugha ya Kiswahili. Ichagueni kwenye orodha ya lugha iliyo juu; kwenye matoleo mapya imo ndani ya menyu ya mipangilio (Settings). Vifaa vya kalamu haviko pale mwanzoni, ongezeni kwa kubofya kitufe kilicho chini kushoto. Jukwaa lake lina upana wa 480 na kimo cha 360, hivyo upande wa 100 unatosha vizuri.

Mwalimu aandae mapema mambo manne mwanzoni mwa programu: kufuta michoro ya zamani, kumrudisha kobe x 0 na y 0, kumwelekeza 90, na kushusha kalamu. Yasipokuwepo, mchoro wa kundi la kwanza utabaki chini ya wa kundi la pili na darasa litaona takataka. Ndani ya kurudia wekeni kusubiri sekunde 1, la sivyo umbo linatokea kufumba na kufumbua na hakuna aliyeona kobe akigeuka.

Kompyuta ikiwa moja, makundi yote yaandike maagizo kwenye karatasi kwanza. Kisha chagueni matatu yanayotofautiana, na mtoto wa kundi jingine ndiye aandike. Mwalimu asiguse kibodi. Chajini betri usiku uliotangulia.

Kazi: mwandikieni kobe maagizo ya kuchora pembetatu yenye pande sawa. Karibu kila kundi litaandika rudia mara 3, mbele 100, geuka 60, kwa sababu wanajua pembe ya ndani ni nyuzi 60. Kobe hatafunga pembetatu. Atachora pande tatu za umbo lililo wazi na kusimama umbali wa 200 kutoka alipoanza. Msiwape jibu. Mtoto asimame, atembee upande mmoja, ageuke kuelekea upande unaofuata, na wenzake waangalie mwili umezunguka kiasi gani. Kobe hageuki pembe ya ndani. Anageuka ile ya nje, 180 kutoa 60, yaani 120. Na akizunguka umbo lolote la namna hii akarudi alipoanza, jumla ya kugeuka kwake ni 360. Kwa hiyo pembetatu ni 360 ÷ 3, mraba ni 360 ÷ 4. Kundi lenye jicho litabadilisha 3 kuwa 6 kwenye yale maagizo "yaliyokosewa" na kupata umbo zuri la pande sita.

Kama hakuna kompyuta, tumieni upande wa sentimita 5 kwenye karatasi, rula na kipimapembe. Kosa litatokea vilevile, na litarekebishwa vilevile, ila dakika 10 zaidi zinahitajika.

Baada ya wiki sita

Rudieni kura ya mbegu kwa swali lilelile na msimamizi yuleyule. Zilinganisheni namba nne na zile za mwanzo, pamoja na hesabu ya majaribio ya pili ya watoto mliowatazama. Kura za uso unaocheka zikipanda lakini majaribio ya pili yakabaki palepale, watoto wamependa mchezo, bado hawajapata ujasiri. Rudini kwenye maneno ya Hatua ya 4, mkaangalie nani bado anasema "umekosa". Kura ya wasichana ikibaki nyuma ya wavulana, tazameni kwenye maandishi nani alikuwa kobe na nani alikuwa anapanga kadi. Mara nyingi wavulana ndio walioshika kadi.

Kwenye daftari la JzK kila somo lipate kurasa mbili: mpango ulivyokuwa, kitu kimoja kilichobadilishwa, na sababu yake. Mwalimu mgeni akihamia shuleni Julai aanzie hapo, si mwanzo kabisa.

Kadi za kila kundi zihifadhiwe kwenye kopo lenye kifuniko, maana boksi la karatasi likiachwa chini stoo mchwa watalimaliza kabla ya muhula kuisha. Andikeni juu ya kopo: kadi 16, vizibo 17, kamba 1. Watoto wahesabu wenyewe kabla ya kulirudisha.